Siku Tatu za Kuaga

Barua ya Muhanna ilifika Tabora mwezi wa Julai, mwaka 1976. Mama yake, Bi Khole, aliisoma mara tatu akiwa wima kabla hajakumbuka kuketi. Muhanna alikuwa Maskati mwaka wa nne sasa. Alikuwa amepata kazi bandarini, akapata na nyumba, na sasa alikuwa amemtengenezea mama yake karatasi za kuingilia. "Njoo, mama," aliandika. "Huko umebaki na nani? Huku ndiko kwetu."

Neno hilo la "kwetu" lilimsumbua Bi Khole. Maskati aliijua kwa masimulizi ya babu yake tu. Babu aliondoka huko kijana, baada ya ukame na ugomvi wa ndugu juu ya mfereji wa maji. Akavuka bahari, akafuatana na misafara ya pembe za ndovu, miezi mitatu kwa miguu mpaka Tabora. Hapo akaoa binti wa Kinyamwezi, na hakurudi tena. Kiarabu cha Bi Khole kilikuwa cha kwenye msahafu. Akiota, aliota kwa Kiswahili. Akikasirika, Kinyamwezi cha bibi yake ndicho kilichomtoka kwanza.

Lakini swali la Muhanna halikuwa la bure. Mume wa Bi Khole alikuwa amefariki mwaka juzi, na kaka zake wawili walikwishahamia hukohuko Maskati. Tena mapema mwaka ule ilitoka amri kwamba maduka ya watu binafsi yafungwe, wananchi wanunue kwenye duka la ushirika. Aliyekuja kulifunga duka la marehemu alikuwa Lugembe, mwenyekiti wa tawi la chama, mtu aliyekunywa kahawa barazani kwao miaka nenda miaka rudi. Alisoma ile karatasi kwa sauti bila kuinua macho. Tangu siku hiyo, Bi Khole akimwona kwa mbali huvuka barabara.

Basi akaamua kwenda, tena kimyakimya. Hakutaka kusikia watu wa mtaa wake wa Gongoni wakisema Waarabu wanaukimbia Ujamaa. Nyumba angemwachia Mwanne, binti wa marehemu dada yake, naye akamwapisha asimwambie mtu.

Aliyemfuma akifunga mizigo ni Josepha.

Josepha alikuwa mkimbizi wa Burundi, akiishi kwenye makazi ya Ulyankulu. Walijuana miaka mitatu nyuma, bintiye Bernadeta alipougua kifua akaletwa hospitali mjini. Bi Khole alikuwa amekwenda kumtazama jirani aliyelazwa. Akamkuta mama kijana ameegemea ukuta nje, mvua inamnyeshea, Kiswahili chake chote ni mtoto, maji na asante. Akamchukua kwake. Mtoto akapona, urafiki ukabaki. Kila alipopata kibali cha kutoka makazini, Josepha alikuja kuuza maharage sokoni, kisha akapumzika uani kwa Bi Khole.

Asubuhi hiyo alipiga hodi, akaingia, akakuta sanduku la bati liko wazi.

"Shikamoo mama. Unakwenda wapi?"

Bi Khole alitaka kumdanganya, ulimi ukakataa. Akamweleza yote. Josepha akaketi mkekani, akayatazama masufuria yaliyopangwa sandukuni.

"Haya yote kule yapo, mama."

"Wewe ulibeba nini?" Bi Khole akauliza. Miaka mitatu yote hakuwahi kumuuliza.

"Chungu cha maharage. Kilikuwa motoni. Watu walipiga kelele kwamba askari wamefika kilimani. Mume wangu alikuwa hajarudi tangu jana yake. Nikamfunga Bernadeta mgongoni, nikashika chungu. Nilitembea nacho siku mbili." Akafunua viganja, ngozi ilikuwa imekunjamana kwa kuungua. "Hata leo sijui kwa nini nilibeba chungu."

Bi Khole aliacha kufunga mizigo, akaketi karibu naye.

"Lakini si vitu vinavyoniuma," Josepha akaendelea. "Sikuaga mtu. Mama mkwe alikaa nyumba ya pili tu. Sikumwita. Labda anafikiri nilimtupa. Wewe hakuna anayekukimbiza leo, mama. Siku unazo. Aga watu."

Bi Khole akaaga watu kwa siku tatu. Wengine walilia. Wengine walicheka, wakamwambia habari zake zilijulikana tangu barua ilipofika posta. Swaumu mshona kofia, rafiki yake wa tangu chuo cha Kurani, alimgombeza nusu saa nzima kwa kumficha, kisha akamwandalia chai. Siku ya tatu alibaki mmoja tu.

Alimkuta Lugembe nyuma ya nyumba yake akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, Bi Khole," alisema, akainuka haraka hata mahindi yakamwagika.

"Marahaba. Nimekuja kukuaga. Nakwenda kwa Muhanna."

Lugembe akafuta kigoda, akamkaribisha. Akaanza kuokota mahindi yaliyomwagika.

"Siku ile nilitamani unitukane," alisema mwishowe. "Ungenitukana, ningepata usingizi."

"Matusi nilikuwa nayo tele. Nilikuonea haya tu."

Lugembe akacheka kidogo, kisha uso ukamshuka. "Mwaka sabini na nne tulipowahamishia watu vijiji vipya upande wa Usinge, mama yangu alikataa kutoka. Alisema kaburi la baba ataliachia nani. Nami ni mwenyekiti. Ningewaambia nini wenzangu? Nikambeba mwenyewe, nikampandisha lori. Kijiji kina shule na kisima, wajukuu zake wanasoma, sisemi uongo. Lakini tangu siku hiyo hanisemeshi. Nikimwuliza neno, anamjibu mke wangu."

Hasira ya Bi Khole haikwisha. Duka lilikuwa la mumewe, na lilifungwa. Ila alimwona mtu mzima aliyevimba macho mbele yake, akashindwa kuinuka aende zake.

"Nenda ukakae na mama yako," alimwambia. "Usimpelekee maelezo. Kaa tu."

Siku ya safari, stesheni ilijaa watu wake. Josepha hakupata kibali, hakufika. Lakini Bi Khole alikwishamwagiza Mwanne kwamba chumba cha uani ni cha Josepha kila atakapokuja mjini, na Mwanne asimwulize anakaa siku ngapi.

Maskati, Muhanna alimpokea mama yake kwa machozi. Majirani walimwita Mzanzibari, kama walivyowaita wote waliotoka Afrika, ingawa Unguja hakuwahi kuikanyaga. Miezi ya mwanzo aliumwa na upweke. Baadaye akawapata kina mama wenzake, wa kutoka Kigoma, Mombasa na Bujumbura, wakawa wanakutana kila Alhamisi na kuongea Kiswahili hadi wajukuu wawacheke. Mmoja wao, Tufaha, alikuwa amezaliwa Rumonge, karibu na kwao Josepha. Bi Khole akamtajia kilima alichotoka Josepha na jina la ukoo wake. Tufaha akamwandikia ndugu yake aliyebaki kule.

Majibu yalichukua miezi mitano. Mume wa Josepha hakuna aliyejua alikoishia. Mama mkwe alikuwa amefariki mwaka 1974, kwa maradhi, kitandani pake. Lakini alikwishapata habari kwamba mkwewe alionekana akivuka mpaka na mtoto mgongoni, naye akawaita wanawake wa kilimani wakamshukuru Mungu pamoja.

Bi Khole aliandika barua ya habari hizo kwa siku mbili nzima, akaituma kwa Mwanne amsomee Josepha uso kwa uso. Mwanne alijibu kwamba alimsomea kwenye kile chumba cha uani. Josepha alilia mpaka kanga ikalowa, akaomba asomewe tena pale penye wanawake kushukuru, tena pale tu. Alipomaliza kulia alinawa uso, akauliza lori la Ulyankulu linaondoka saa ngapi, maana mihogo yake ilikuwa imeanikwa na mawingu yalikuwa yanakusanyika.