Mifuko Isiyo na Namba

Bosi wangu, Bibi Luo, aliiogopa namba nne kuliko alivyoogopa tanuri. Kwa lugha yetu, neno la nne na neno la kufa hutofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu. Ukiwa na mafua unaweza kumtakia mtu kifo huku ukidhani unahesabu mayai. Wengi wetu huikwepa namba hiyo kidogo, basi, maisha yanaendelea. Bibi Luo, tangu mumewe afie kwenye kitanda namba nne cha hospitali, aliing'oa kabisa kiwandani. Kalibu ya kumiminia ya tatu ilifuatwa na ya tano. Ukimuuliza meza ina miguu mingapi, alikujibu, "Mitatu na mmoja."

Tulikuwa tukicheka sana. Mimi niliacha kucheka siku alipoingiza hofu yake kwenye silikoni yangu.

Kazi yetu ni kuyeyusha alumini, kuichanganya na silikoni, madini yanayoiimarisha, na kumimina rimu za magari na miguu ya viti. Silikoni ya rimu ni daraja 441. Tarakimu hizo zinataja uchafu uliobaki ndani yake, ya kwanza ikiwa chuma. Zikiwa ndogo, silikoni ni safi. Miguu ya viti tunaipa silikoni chafu, inayokuja kwenye mifuko isiyoandikwa chochote, maana haina cha kujivunia. Chuma kikizidi kwenye rimu, rimu inakuwa kavu kama biskuti. Inang'aa, inapendeza, halafu siku moja inapasuka njiani. Mguu wa kiti ukivunjika, mtu ataumia makalio tu.

Mzigo mpya wa 441 ulipofika, Bibi Luo alisimama getini akaziba macho.

"Fundi Qiu, toa hayo maandishi mbele yangu!"

"Bosi, hiyo ni namba ya daraja, si ya kaburi."

"Funga mdomo! Nne mbili, zimefuatana! Ihamishieni kwenye mifuko isiyoandikwa, leo leo."

Nilibisha mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Wapi! Mtunza ghala wetu, Pang, akahamisha. Ikabidi niweke silikoni safi ukuta wa kushoto na chafu ukuta wa kulia.

"Kushoto rimu, kulia viti," nilimwambia Pang. "Ukichanganya, nitakuyeyusha wewe."

"Mimi sifai, Fundi. Nina mafuta mengi," alinijibu akipapasa kitambi.

Msimu wa kusafisha makaburi ukafika, nikaenda kijijini kwenye ya wazee wangu, nikakaa huko juma zima. Huku nyuma mvua ikatoboa paa la ghala. Pang akahamisha mifuko yote isilowe, na hapo simlaumu, kwa sababu silikoni yenye maji ikiingia kwenye alumini iliyoyeyuka, tanuri hulipuka. Ila aliirundika popote penye pakavu. Kushoto na kulia vikafa hapo.

Asubuhi niliyorudi nilikuta rimu mpya zimepangwa, zimesuguliwa, zinametameta. Nikaokota kipande cha masalia ya mmimino, nikakivunja. Ndani palikuwa peusi, chembe kubwa kubwa. Hii ilikuwa silikoni ya viti. Nikachukua nyundo, nikaipiga rimu moja ukingoni. Rimu nzuri hubonyea. Hii ilipasuka kwa mlio wa bakuli linalovunjika.

"Pang! Zimemiminwa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Hapa naona nane. Zingine ziko wapi?"

Pang alitazama mlango wa ofisi, kisha akainua vidole vinne kimyakimya, jinsi tulivyozoea.

"Dada Suyun kazifunga jana kwenye kigari chake," akasema. "Leo kapanda mlimani, kaburini kwa baba yake. Fundi, mbona umebadilika rangi?"

Suyun ni mtoto pekee wa Bibi Luo. Kaburi la baba yake liko ng'ambo ya mlima, na ukishavuka kilele ni mteremko mtupu, kona juu ya kona, korongo mkono wa kulia. Nilikimbia mpaka ofisini, nyundo bado iko mkononi.

Bibi Luo alinisikiliza kikombe kikiwa mdomoni. Hakupiga kelele. Alipiga simu ya Suyun. Haikupatikana, mlimani hakuna mtandao. Akapiga simu ya waya ya kituo cha mafuta cha kileleni, pale magari yanapopoza injini kabla ya kuteremka.

"Kigari cheupe?" sauti ya mwanamume ikasikika kwenye spika. "Mama, leo vinapita kama siafu, dunia nzima inakwenda makaburini! Nitajie namba zake."

Bibi Luo akafumba mdomo.

Suyun aliichagua namba ya kigari chake kusudi, yenye nne ndani, ile ambayo hakuna aliyeitaka. "Ili uzoee, mama," alisema. Mama hakuzoea. Alikiita "hicho kigari" na kukipita upande wa nyuma ameinamisha uso. Mimi ningeitaja, lakini nani hukariri namba ya gari la mtu?

"Taja, Bosi."

"Siwezi." Midomo ilikuwa imemkauka. "Nikitaja nimeita kifo, Qiu. Nitamuua mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe."

Na mimi niliyecheka miaka yote ile, nywele zilinisimama. Niliogopa asipotaja, na niliogopa akitaja.

"Mama, upo?" mwanamume aliuliza. "Kuna kimoja kinawasha injini sasa hivi. Ndicho? Kinaondoka hicho!"

Bibi Luo alishika ukingo wa meza.

"Nne," akasema. Sauti ilitoka imekwaruzika, kama ya mtu mwingine. "Nne. Saba. Nne."

Tulisikia simu ikitupwa mezani kule, mlango ukigonga, halafu honi, halafu honi nyingi. Kisha hatukusikia kitu. Bibi Luo alinishika mkono wenye nyundo akaubana. Alikuwa akinong'ona jina la mumewe.

Mwanamume alirudi akihema.

"Nimemzuia! Nimesimama katikati ya barabara kama mwehu. Rimu ya mbele ina ufa, mama, ukucha unaingia. Lakini huyu dada hataki kushuka. Ananiita tapeli."

"Kwa nini?" nikapaza sauti.

"Nimemwambia namba nimepewa na mama yake. Anasema mama yake hawezi kuitaja hata akatwe shingo. Sasa wewe uliyepiga ni nani?"

Bibi Luo alilia kwanza, kwa sauti, bila kujificha. Halafu akafuta pua kwa kiganja.

"Mwambie ni mama yake," akasema. "Na asiondoke hapo mpaka rimu zitolewe. Zote nne."