Kidole Tumbo cha Pili

Kasiva hakumwamini yule karani tangu alipomtia machoni. Mtu gani hutabasamu hivyo mbele ya mgonjwa anayejikunja kwa maumivu? Alikuwa amemleta hospitalini dada yake, Kalekye, kutoka nyumbani kwake Kayole, naye Kalekye akiwa ameshika tumbo upande wa kulia na kutapika tangu alfajiri. Karani Mukhwana akawaambia watulie tu.

"Hii ni dharura, mama. Daktari anatibu kwanza, bima inalipa. Karatasi tutamalizia baadaye."

Kizuri kiasi hicho, Kasiva akajisemea, lazima kina mtego. Tangu lini bima ikalipa kabla ya kuuliza maswali?

Na maswali alikuwa na sababu ya kuyaogopa. Miaka mitatu iliyopita kidole tumbo kilimshika yeye, muuza nafaka wa Mbotela asiye na bima yoyote. Kalekye akamwazima kadi yake, ile inayolipiwa na kampuni ya unga ambako mumewe, Mwanzia, ni dereva. Dada hao wamefanana kama shilingi kwa ya pili, na hospitali ya Tassia alikopelekwa haikuwa na mashine ya kusoma alama za vidole. Kasiva akapasuliwa akiitwa Kalekye, akarudi nyumbani mzima, wakacheka mpaka machozi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhusu mwenye kuyaazima hawakusema kitu.

Daktari Adoyo, mwanamke mfupi asiyependa porojo, alibonyeza tumbo la Kalekye, akatazama kompyuta, akabonyeza tena.

"Ningeapa ni kidole tumbo," alisema. "Lakini rekodi za bima zinaonyesha kilishatolewa. Kovu liko wapi?"

Kasiva alimkodolea macho dada yake. Sema, alimsihi kimoyomoyo. Kalekye, jasho likimtiririka, hata hakupepesa macho.

"Walitoboa matundu madogo tu, daktari. Kovu lilipotea."

Daktari aliitazama tena kompyuta. Kisha akasema huenda ni mawe ya figo, apigwe picha ya tumbo kwanza. Mpiga picha angefika saa tisa, na wakati huo ilikuwa saa nne asubuhi.

Daktari alipotoka, Kalekye alimshika dada yake mkono kwa nguvu. "Usithubutu. Wakijua, Mwanzia anapigwa kalamu. Watoto watakula nini?"

Basi Kasiva akakaa, akishuku kila kitu. Mukhwana aliongea kwa simu huku akiwatupia jicho. Huyo ameshatuuza, alifikiri. Muuguzi akamletea maji. Akaona anatafutwa maneno. Hata maji yenyewe hakuyanywa.

Kufikia saa sita Kalekye aliacha kugumia. Akapumua, akatabasamu.

"Naskia nafuu, Kasiva. Uchungu umeisha. Si nilikwambia?"

Hapo ndipo moyo wa Kasiva ulipopiga paa. Nafuu hiyo aliijua. Yeye mwenyewe alipumua hivyohivyo, akataka hata kurudi dukani, na baadaye daktari wa Tassia akamwambia: pale ulipopata nafuu ndipo kilipopasuka. Asubuhi nzima alikuwa ameshuku watu waliotaka kuwasaidia, na kumbe adui alikuwa tumboni.

Alimvuta Daktari Adoyo nyuma ya pazia, akainua blauzi yake mwenyewe. Kovu lilikuwa pale, refu, jeusi, upande wa kulia.

"Kile kidole tumbo mnachokiona kwenye kompyuta ni changu. Chake bado kiko ndani. Na sasa hivi amesema hasikii uchungu."

Daktari alifungua pazia. Alitoka mbio akiitisha chumba cha upasuaji.

Mukhwana alikuwa amesikia yote. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Atapasuliwa, mama, dharura haingoji mtu," alisema. "Lakini hii ya kadi lazima niandike."

"Andika," Kasiva akamjibu.

Wakamsukuma Kalekye kwenye kitanda cha magurudumu, Kasiva akikimbia kando yake. Kalekye alimtazama kwa hasira ambayo Kasiva hakuwahi kuiona tangu utotoni.

"Umefanya Mwanzia apigwe kalamu."

"Basi apigwe kalamu akiwa na mke," Kasiva alisema, na mlango ukafungwa.