Komeo la Nje

Mama Adolf alimpigia Lameck simu Jumanne asubuhi, sauti yake tamu kupita kawaida, na hapo tu Lameck angepaswa kushtuka. Kuna kikazi kidogo, alisema. Chumba cha nyuma kinataka komeo. Korosho zimeanza kuanguka, magunia yatakaa mle mpaka siku ya kuyapeleka ghala la chama, na vibaka wa Makote wanajulikana.

"Komeo la ndani au la nje?" Lameck aliuliza.

"Na wewe Baba Esther. Gunia litajifungia lenyewe kwa ndani?"

Lameck alicheka. Mjinga yule, alicheka, akafunga mkoba wa vifaa nyuma ya baiskeli, akaenda.

Mama Adolf, jina lake la ubatizo Severina, ni binti pekee wa Mzee Gervas, na Mzee Gervas ndiye aliyemfundisha Lameck useremala. Alimpokea miaka kumi na saba iliyopita, Lameck akiwa hana mbele wala nyuma, akamfundisha kunoa patasi kabla ya kumruhusu kuitumia. Nusu ya milango ya Makote imetoka mikononi mwa mzee huyo. Sasa ana miaka sabini na sita na kumbukumbu zimemkimbia. Si wazimu, na anayetaka kujua hasira za Lameck amwite mzee mwendawazimu mbele yake. Anasahau tu. Amesahau kwamba mkewe alishazikwa, amesahau majina ya wanawe, saa nyingine anadai hajala na sahani bado iko mbele yake.

Lakini kila kulipopambazuka alikuwa anatoka na bisibisi mfukoni, anapita nyumba kwa nyumba, anaisukuma polepole milango aliyoitengeneza, anasikiliza bawaba. Akimaliza anaingia karakana ya Lameck, anakaa kwenye benchi, anashika randa mpaka jua lipande. Watu walishamzoea. "Shikamoo fundi," wanamwambia, naye anaitikia marahaba bila kugeuka, maana yuko kazini.

Siku ile ya komeo alikuwa ameketi uani. Aliposikia keekee inatoboa mbao alinyanyuka, akaja akasimama nyuma ya Lameck.

"Usitoboe karibu na ukingo," alisema. "Mninga huu mkavu, utapasuka."

"Sawa, fundi."

"Na skrubu zipake sabuni kwanza. Zitaingia bila kugombana na wewe."

Alikwenda mwenyewe karoni, akarudi na kipande cha sabuni ya mche, akakinga kiganja. Lameck akamwekea skrubu nne. Mzee akawa anaisugua moja, anampa, anaisugua nyingine, anampa. Alikuwa na furaha. Tangu msiba wa mkewe, Lameck hakuwahi kumwona na furaha ya namna ile. Komeo lilipokaa, mzee alilisukuma likaingia, akalivuta likatoka, akacheka peke yake. Mama Adolf alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Baadaye aliwapakulia wote wawili ugali na kisamvu.

Sasa ipo habari ya Chiungutwa, na Lameck aliijua kwa sababu alikuwepo. Miaka ile Mzee Gervas bado ana akili zake zote, waliitwa huko na familia moja yenye uwezo wake, wanataka komeo nje ya chumba. Mzee akauliza, humu analala nani. Wakamwambia ni kijana wao, mtu mzima, kifafa kimemharibu kichwa, anatoroka. Mzee alirudisha vifaa mkobani, akapanda baiskeli. Chai waliyoandaliwa hakuigusa. Waliendesha mpaka walipofika kwenye mlima ambako baiskeli inasukumwa, ndipo akasema.

"Chumba anacholala mtu, komeo linakaa ndani. Ukikubali kuliweka nje, we si fundi tena, ni askari wa gereza. Umenisikia?"

"Nimesikia, fundi," Lameck alijibu siku ile, na alisikia kweli.

Wiki ya pili baada ya kazi ya komeo, Alhamisi, mzee hakupita karakana. Ijumaa hakupita. Jumamosi Mama Ziada wa dukani alimwuliza Lameck kama mzee anaumwa, maana mlango wake umeanza kulia na hajaja kuugusa. Lameck aliacha kabati la watu katikati, akaenda.

Mama Adolf alikuwa anaanika korosho uani. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi, na Lameck aliona magunia yamepangwa humo sebuleni, mpaka usawa wa dirisha.

"Mzee yuko wapi?"

"Kapumzika. Kifua kinambana."

Kutoka nyuma ya nyumba ilisikika ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko, chini kidogo. Lameck aliijua sauti ile. Ni kidole kilichokunjwa kinagonga mbao kutafuta penye uwazi ndani, kama alivyofundishwa yeye mwenyewe kugonga. Alizunguka nyuma. Komeo lake lilikuwa limesukumwa mpaka mwisho, na juu yake pametiwa kufuli.

"Fungua," alimwambia Mama Adolf, aliyekuwa amemfuata.

"Nikishafungua utanisaidia kumkamata wewe? Wiki iliyopita kaung'oa mlango wa mwalimu yule mgeni. Mtu wa watu anaamka, mlango haupo, babu yuko kizingitini na bisibisi. Kidogo aite polisi. Juzi kaokotwa barabara ya Masasi, lori la korosho limefunga breki mbele yake. Mimi nina watoto, nina shamba, korosho zinaanguka hazina wa kuziokota. Kaka Fortunatus kakaa zake Masasi, kazi yake simu tu, mfungie, mfungie. Na wewe unakaa naye saa moja mnachezea randa, basi, unajiona mwanawe."

"Ungeniambia ukweli."

"Ningekwambia ungeliweka?"

Lameck alilitazama kufuli.

"Umeona," alisema Mama Adolf.

"Uliniambia ni magunia. Ulinidanganya mchana kweupe, Mama Adolf, ukanipakulia na ugali."

"Nilikudanganya, sawa. Lakini na wewe uliingia humo kupima. Kitanda chake kilikuwemo. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Fundi mzima, ukaona kitanda, ukaona koti, ukaamini magunia. Usinibebeshe mimi peke yangu."

Hilo lilimwingia. Kitanda alikiona, kweli. Alikiona, na mahali fulani kichwani alijiambia watakihamisha, akaendelea kupima kwa sababu ilikuwa rahisi kuendelea kuliko kuuliza. Alimchukia Mama Adolf pale pale, na akajichukia mwenyewe zaidi, na hakujua la kufanya na chuki zote hizo mbili.

Ndani kugonga kulikoma. "Nani huko?"

"Mimi, fundi."

Sauti hakuitambua. "Mlango umekwama," alisema mzee, mpole kabisa, kama anayeomba radhi kwa usumbufu. "Tafadhali mniitie Lameck. Lameck ataujua."

Majina ya wanawe alishayasahau, yule mzee.

Mama Adolf hakulifungua kufuli siku ile. Jumatatu Lameck alikwenda ofisi ya kata kwa afisa ustawi wa jamii, dada mmoja wa Moshi aitwaye Sia, ambaye alikuwa na mwaka wa pili hapo na alishaanza kuitikia salamu za Kimakonde. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali ambayo Lameck hakuyatarajia. Uamuzi alifanya nani? Mzee mwenyewe aliulizwa, hata kama jibu lake lisingeeleweka? Anafunguliwa saa ngapi? Nyumba ikishika moto, ufunguo anao nani?

"Na komeo lenyewe aliweka nani?" aliuliza, kalamu juu ya karatasi.

"Fundi tu," Lameck alisema. "Fundi mmoja."

Sia akaandika fundi mmoja.

Alhamisi Sia aliwakutanisha wote uani kwa Mama Adolf. Fortunatus, mtoto mkubwa wa mzee, karani wa ofisi moja Masasi, alikuja na basi la asubuhi, amekunja uso kabla hata ya kusalimia.

"Huyu ni baba yetu," alisema. "Si baba wa serikali. Akigongwa na lori, hiyo ofisi yako itakuja kuzika?"

"Simchukui, kaka," Sia alisema. "Nauliza kama ipo njia ya kumlinda bila kumfungia. Kama haipo, mniambie kwa nini haipo, ni kwa saa ngapi, na nani atasimama upande wake kuniambia siku mambo yakizidi. Kusahau hakumwondolei haki ya kuona jua."

Mama Adolf alifungua kufuli. Mzee alitoka akipepesa macho, nywele zimesimama upande mmoja, kidole cha kulia kimechubuka kwenye kifundo. Hakulalamika. Alikaa kwenye kiti alichopewa, akaanza kuchunguza miguu ya kiti hicho.

"Babu, shikamoo," Sia alisema, akichuchumaa mbele yake.

"Marahaba, mwanangu."

"Tunazungumza habari zako. Kati ya hawa, ungependa nani akusemee?"

Fortunatus alipumua kwa nguvu, akaona ni upuuzi. Lakini mzee alilichukua swali kwa uzito. Alimtazama Fortunatus, akamtazama Severina, akafika kwa Lameck, akaitazama mikono yake badala ya uso.

"Huyu kijana," alisema. "Huyu kafundishwa vizuri."

Mama Adolf alicheka, kicheko kibaya, machozi yakiwa yameshamjaa. Baba ambaye yeye ndiye humwogesha na kumlisha kila siku alikuwa amempita machoni kama mtu baki.

"Basi mwulizeni huyo aliyefundishwa vizuri," alisema, "komeo kaliweka nani."

Sia aligeuka. "Fundi mmoja," alisema taratibu.

Lameck alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi ya Makote haikujishughulisha naye. Alipiga magoti mbele ya kile kiti. "Ni mimi, fundi. Komeo niliweka mimi."

"Lipi?"

Hakukuwa na namna. Alimshika mkono, akampeleka mpaka mlangoni. Mzee alilisukuma komeo, likaingia. Akalivuta, likatoka. Akapitisha ukucha kwenye vichwa vya skrubu.

"Kazi safi," alisema. "Sabuni imepakwa." Kisha akausukuma mlango, akachungulia ndani. Aliona kitanda. Aliona koti kwenye msumari. Alirudisha macho kwenye komeo, akayarudisha tena kitandani, na tabasamu likamtoka polepole usoni.

"Humu analala mtu."

"Ndiyo, fundi."

"Nani kakufundisha kazi?"

"Wewe."

Mzee alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na Lameck angefurahi kama angekuwa nayo. "Hapana," alisema. "Mwanafunzi wangu halifanyi hilo." Akauachia mkono wa Lameck, akaingia ndani, akakaa kitandani mikono mapajani, akawa anautazama mlango, anasubiri ufungwe.

Hakuna aliyeufunga. Fortunatus mwenyewe alitazama pembeni. Lameck aliichomoa bisibisi kutoka kwenye mfuko wa lile koti, akaziondoa skrubu nne moja moja, zikatoka bila kugombana naye.

Yaliyofuata yaliandikwa na Sia kwenye karatasi, wote wakatia sahihi, na yeye huja kila mwezi kuona kama yanafanyika. Alfajiri ni zamu ya Lameck, anatembea na mzee mlango kwa mlango. Mchana ni ya Mama Adolf, na majirani wawili wanampokea siku za shamba. Mwalimu mgeni alielezwa, na sasa huuacha mlango wake ukaguliwe. Jumamosi ni ya Fortunatus, ambaye tangu siku hiyo amefika mara mbili. Usiku komeo liko ndani, mzee hujifungia mwenyewe, na Mama Adolf hulala kwenye mkeka hapo nje. Lameck na yeye husalimiana, lakini chakula chake Lameck hajala tena.

Kila kukipambazuka Lameck anafika pale, anagonga, anasubiri komeo lilie kwa ndani. Mzee anatoka na bisibisi mfukoni. Mlango wa kwanza kuukagua ni huo wake, na kila siku kidole chake kinasimama mahali pale pale, kwenye matundu manne.

Kuyaziba ni kazi ya dakika kumi, vumbi la mbao na gundi. Lameck hajayaziba.

"Nani kauharibu mlango huu?" mzee anauliza.

Lameck angeweza kusema sijui. Angeweza kusema fundi mmoja. Mzee asingejua, na kesho asingekumbuka kwamba aliuliza.

"Mimi, fundi."

Na mzee anageuka, anamtazama usoni; kwake, kila siku ndiyo kwanza anasikia.

"Lameck," anasema. "Hata wewe?"