Kiti Kina Mtu

Fundi wa makochi alikuwa aking'oa misumari kwenye sofa ya kinyozi, iliyozama katikati, gari la serikali liliposimama mbele ya karakana. Dereva hakuzima injini. Alisema fundi anatakiwa Ikulu, kiti cha Rais kina kasoro.

"Kasoro gani?"

"Hakikaliki."

Alichukua nyundo, koleo na kipande cha sponji, akafunga karakana, akapanda.

Rais alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma. Kwenye kiti chake, nyuma ya meza kubwa, alikaa babake fundi, aliyefia gerezani fundi akiwa bado msichana. Alivaa shati alilokamatwa nalo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Macho tu ndiyo yanamsumbua."

Fundi alibonyeza sponji kando ya paja la babake, akatikisa miguu ya kiti. "Kiti ni kizima," alimwambia Rais. "Ila kina mtu."

"Hilo najua. Nimebadilisha viti vyote. Mezani yuko, garini yuko. Nikitaka kulala, amekaa katikati ya kitanda. Nalala nimeegemea ukuta kama ufagio."

Watu walimwita marehemu Mzee Kitako, kwa sababu kukaa kitako ndiko kulikuwa silaha yake. Wakati wa wakoloni aliwaketisha makarani, wachuuzi na wakulima barabarani, mbele ya lango la gavana. Walipigwa virungu, wakapitishiwa farasi juu yao, na hakuna aliyerudisha hata kofi. Ubavuni mwake alikaa rafiki yake, huyu ambaye sasa ni Rais. Fundi alikuwa akimwita Baba Mdogo, na alipokuwa mtoto alibebwa naye mgongoni.

Uhuru ulipopatikana, mashamba waliyonyang'anywa wakulima hayakurudi kwao. Yaligawiwa mawaziri. Mzee Kitako akaenda kukaa tena kwenye lango lile lile, na Baba Mdogo akampelekea polisi wale wale. Haukupita muda, gereza likatangaza kwamba amekufa kwa homa ya mapafu. Maiti haikutolewa. Sasa sura yake iko kwenye stempu.

"Baba, mpige," fundi alisema. "Huyo hapo. Ukinyoosha mkono tu unamfikia."

"Mimi sipigi watu. Nimekaa tu."

"Basi niachie mimi." Alikuwa ameshika nyundo.

"Wewe pia hupigi," alisema Mzee Kitako, kwa sauti ya kumkataza mtoto kuchezea moto. Fundi akairudisha nyundo mfukoni. Kukatazwa huko kulimuuma.

Rais akapandisha suruali. Miguu ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa, na juu ya kifundo ilikuwa ikitoa maji. Fundi aliitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mwambie ainuke, binti yangu. Wewe atakusikia. Akiinuka, nitakuonyesha alipozikwa."

 Mama yake hakuwa na ombi jingine duniani. Fundi akamgeukia babake. "Kwani mwenyewe hupajui?"

"Sipajui. Nilikuwa ndani ya gunia."

Fundi akaenda kumweleza mama. Mama alikuwa akichambua mchele kwa vidole, maana macho yalikuwa yamebaki na ukungu tu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na amekonda?"

"Baba? Yuko vile vile."

"Namuuliza huyo mwingine."

"Amevimba, mama. Anaoza miguu."

Mama akatupa chuya chini. "Akaseme redioni nani alimuua mume wangu. Bila hivyo, kaburi abaki nalo. Baba yako alikuwa mpole, hiyo ni hiari yake. Mimi na wewe hatujamwahidi mtu upole."

Kesho yake fundi alirudi Ikulu na kulisema sharti hilo, babake akisikiliza bila kuingilia.

Rais alifikiri, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. "Hilo siwezi. Nchi itavurugika."

"Basi simama, Baba Mdogo."

Fundi akateremka ngazi akiwa na raha moyoni ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni, wala hakuionea haya.

Rais akasimama. Mawaziri nao wakaanza kufanya vikao wima, kwa heshima, na viti vikaondolewa kwenye ukumbi wa vikao. Magazeti yakamwita Kiongozi Asiyekaa. Wakulima walipokwenda kukaa barabarani kudai mashamba yao, aliwatazama kutoka dirishani, akaagiza wabebwe, wakapelekwa gereza lile lile. Mama akafa, akazikwa peke yake, bila kaburi la mumewe kando. Madaktari wakakata mguu wa kushoto wa Rais, naye akagombea tena kwa gongo moja na akashinda, kwa kuwa watu walipenda mtu asiyechoka.

Siku ya kuapishwa fundi alisimama mstari wa mbele. Mzee Kitako alikuwa jukwaani, kwenye kiti kilichopambwa cha Rais, na waliomjua walimpungia mkono. Rais alianza hotuba juu ya uhuru na wale walioupigania. Katikati ya sentensi, jasho likimtiririka, alimwona fundi. Akanyamaza. Akamtazama kama mtu anayeomba maji.

Fundi akatikisa kichwa kukataa.

Rais akameza mate, akalishika gongo vizuri, akaendelea. Ilikuwa hotuba ndefu.