Plagi Iliyokataa Kuingia

Tangu televisheni iungue, Bi Taqiyya hakugusa tena kitu chenye waya. Hata taa alingoja awashiwe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye aliumwa mbele ya watu: alichomeka plagi, ikalia pa!, moshi ukafuka, na televisheni ndogo ya mkaza mwana wake Ibtihal, aliyoletewa na kaka yake kutoka Jeddah, ikafa papo hapo.

Kosa lenyewe halikuwa la ajabu pale Sana'a. Nyumba ya mwanawe Mutahhar, kama nyingi za mtaa ule, ilikuwa na umeme wa aina mbili: ule mpole wa volti kumi na mbili, wa betri ya sola, na ule mkali wa volti mia mbili na ishirini, wa kununua kwa mwenye jenereta mtaani. Kifaa cha mpole ukikitia kwenye mkali, umekiua. Mutahhar alikuwa fundi umeme, lakini mganga hajigangi. Kwake mwenyewe alifunga soketi za sura moja kote, akijisemea kwamba kila mtu ndani anajua ipi ni ipi. Mama yake, aliyeletwa kutoka Mahwit baada ya kufiwa na mumewe, nani alimwambia?

Ibtihal hakusema neno baya. Afadhali angesema! Alimkumbatia tu mama mkwe wake na kumwuliza kama ameumia, na wema huo ndio uliomchoma Bi Taqiyya zaidi. Akajiona mzigo. Akatafuta dereva wa kumrudisha Mahwit siku ya Alhamisi, kwenye nyumba isiyo na mtu.

Jumatano Mutahhar alishinda nyumbani na bisibisi yake. Aling'oa soketi zote za betri, akafunga nyingine zenye matundu bapa, na kila kifaa cha sola akakibadilishia plagi, akakipa yenye meno bapa. Akaongeza na fyuzi kwenye waya wa betri.

"Haya mama, sasa hata ukitaka kukosea huwezi. Haiingii!"

"Ahsante, mwanangu," akasema Bi Taqiyya, macho chini. "Kumbe nimefika umri wa kufungiwa vitu kama mtoto anayetambaa."

"Mama! Si kwa ajili yako..."

"Kwa ajili ya nani, basi? Paka?"

Mutahhar akatia bisibisi mfukoni. Akatoka kwenda kutafuna miraa na wenzake, na Bi Taqiyya akaendelea kukunja nguo zake huku machozi yakimtoka. Hakutaka kwenda. Aliwapenda watu hawa wawili kuliko alivyojua kusema.

Jioni Mutahhar alirudi, shavu limevimba kwa miraa, simu sikioni, akibishana na mteja. Intaneti ilikuwa imekatika. Akaokota waya wa kisanduku cha intaneti, kinachotumia betri, akainama, akauchomeka ukutani bila kutazama. Haukuingia. Akausukuma. Akaugeuza, akausukuma tena kwa kiganja.

"Soketi gani mbovu hii! Nani kaifunga?"

Ibtihal akaangua kicheko. "Wewe! Na hiyo ni ya jenereta, mume wangu."

Mutahhar akaitazama soketi, akaitazama plagi mkononi mwake. Uso ukamsawijika. Akamwambia mteja atampigia baadaye, akakaa palepale sakafuni.

"Na wewe ndiye fundi," akasema Bi Taqiyya.

"Na mimi ndiye fundi, mama. Ile televisheni niliiunguza mimi, siku niliyofunga soketi za kufanana. Wewe ulichomeka tu."

Bi Taqiyya alimtazama mwanawe, mtu mzima na ndevu zake, amekaa chini na waya mkononi. Kicheko kikamtoka tumboni, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ibtihal, binti yangu, hebu mpigie yule dereva. Mwambie nafasi yangu ampe mwingine. Nitakuachaje peke yako na mtu kama huyu?"