Mapengo ya Kaunta

Kaunta ya zamani ilitoka kwa shida, kama gego. Fundi alifunga maji, akang'oa sinki, kisha akapenyeza mtaimbo chini ya bamba la zege na kulinyanyua kidogokidogo mpaka likakatika vipande. Fundi huyo walimwita Msasa, kwa kuwa hakuna kitu alichokigusa akakiacha na mkwaruzo.

Mkwe alisimama mlangoni akitazama, vumbi limemjaa kwenye nyusi, moyo umejaa furaha. Wazo lilikuwa lake. Kaunta ile ilikuwa imemeguka ukingoni na kulika karibu na sinki, naye alitaka mama mkwe wake apate jiko linalong'aa. Alipomuuliza, mama alijibu tu kwamba wafanye wanavyoona. Mkwe akaona ameridhia.

Jikoni ndiko mama alikotawala. Alikata vitunguu huku akipiga soga, uso kautazamisha dirishani, na mwanawe alizoea kumtania kwamba ana macho kwenye vidole. Nyumba nzima ilicheka, na mama alicheka kuliko wote.

Alasiri kaunta mpya ilikuwa mahali pake, ya mbao ngumu, laini kama shavu la mtoto. Mama aliitwa aione. Akapitisha kiganja juu yake, akasifu, akamshukuru fundi. Kisha akaweka kikombe chake, na kikombe kikaanguka sakafuni kikavunjika. Akasema ni mikono ya uzee, akatoka nje taratibu. Mkwe alifagia vigae akijiuliza amekosea wapi.

Gari la kubeba kifusi lilipofika, mkwe alienda uani kuwaonyesha wapakiaji lundo. Akamkuta mama amepiga magoti penye vipande vya zege, anapapasa kingo zake kimoja baada ya kingine.

"Mama, umepoteza pete?"

"Natafuta pengo," mama alisema. Kisha akaendelea polepole, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu. "Pengo kubwa, jiko liko mkono wa kulia. Pengo dogo, hapo ndipo ninapoweka kisu. Palipolika, hapo sinki."

Mkwe akachuchumaa kando yake. Aliuliza kwa sauti ndogo macho yamekuwaje. Mama akasema yamebakiwa na mwanga na vivuli, basi.

"Tangu lini, mama?"

"Kabla hujaolewa. Sura yako naijua kwa maelezo ya mwanangu. Alikusifia mno, nikaona nisiulize zaidi."

Mkwe alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Akauliza kwa nini hakusema.

"Mngeniambia nikae," mama alisema. "Na mimi nikishakaa, mwanangu, sitasimama tena."

Dereva akapiga honi. Mkwe, ambaye kwa kawaida hata muuza nyanya alimwonea haya, alimwambia dereva asubiri. Akapekua lundo mpaka akapata kipande kirefu cha ukingo chenye mapengo yote mawili, akakikumbatia kama mtoto mchanga, akaingia nacho ndani. Akakilaza juu ya kaunta mpya, akakisogeza mpaka mwisho wake ukakutana na jiko, akachora alama mbili kwa penseli ya fundi.

Msasa alipoelewa anachoombwa alishika kichwa. Kutwa nzima amesugua ubao ule, sasa autie kovu kwa mkono wake mwenyewe? Watu watasema amelewa.

"Basi nipe tupa," mkwe alisema. "Nitatia mimi."

Fundi akautazama mkono ule usiojua tupa, akaitazama mbao yake, akaona heri kovu lake kuliko la mwingine. Akakata pengo kubwa, akakata dogo. Halafu, hakuweza kujizuia, akachukua kipande cha msasa akayalainisha yote mawili ndani.

Mkwe akabeba mwenyewe kile kipande cha zege, akakitia garini pamoja na vingine. Gari likaondoka. Aliporudi ndani, mama alikuwa keshafika kwenye kaunta. Vidole vilitembea ukingoni, vikaingia kwenye pengo la kwanza, vikatulia. Mkono wa kulia ukanyooka na kugusa jiko bila kutafuta.

"Vitunguu viko wapi?" mama akauliza.

Mkwe alishavileta, na kisu alishakishika. Alikiangalia kisu, makali yake mapya, kisha mikono ya mama. Ulimi wake ulikuwa tayari kusema, acha tu, mama, nitakata mimi. Akaumeza ulimi. Akakilaza kisu kwenye pengo dogo, mpini ukimwelekea mama, akavuta kigoda, akakaa yeye.

Mama alianza kukata. Vipande vikaanza kuanguka, vyembamba, vya unene mmoja.

"Mwenzio akirudi mwambie kuhusu macho," alisema, uso kautazamisha dirishani. "Lakini ale kwanza."