Pakiti Thelathini za Vijidudu Hai

Kazi yangu ni kuua vijidudu. Mwaka wa ishirini na sita huu niko chumba cha kutakasia vifaa hospitalini, nachoma mikasi na koleo kwa mvuke. Halafu daktari ananikabidhi pakiti thelathini za unga mweupe, ananiambia ndani yake mna bakteria, nikampe mume wangu anywe.

Mume wangu ni fundi cherehani. Ini lake limejaa makovu, na sumu ambayo ini lingeichuja inampanda kichwani. Juzi alishona mikono miwili ya shati upande mmoja, akaniuliza kwa nini namcheka. Sikuwa nacheka. Daktari alisema hao bakteria wazuri, probayotiki, huenda wakapunguza sumu hiyo tumboni, ingawa wataalamu bado hawajakata shauri, na dawa zake nyingine asiache. Kila asubuhi nimpe karatasi yenye namba zilizotawanyika, aziunganishe kwa penseli kuanzia moja hadi ishirini na tano, nami nihesabu sekunde; zikipungua, ndiyo dalili kichwa kinapata nafuu.

Mwezi mzima roho yangu ilikuwa juu juu. Kazini nilitazama saa kuliko mashine. Naamka, nafuta meza mara mbili, namwaga unga kwenye chai inayotokota, nakoroga, nampa. Kisha karatasi. Tisa, kumi, halafu penseli inarukia kumi na saba. Sekunde zilizidi kuongezeka. Nilimkaripia, kisha nikajichukia.

Siku ya kliniki daktari alizipitia karatasi, akauliza unga nauchanganya na nini. Nikamjibu kwa majivuno kwamba ni chai ya moto, tena inayochemka, maana mimi si mtu wa kumpa mgonjwa kitu kisichopita motoni.

Daktari aliziweka karatasi mezani. "Mama, hao wanatakiwa wafike tumboni wakiwa hai."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi, ninayejua ni joto gani linaua nini, nimewamaliza wote, pakiti baada ya pakiti, kwa mikono yangu. Mume wangu alikuwa akitazama vifungo vya koti la daktari kana kwamba habari haimhusu.

Nilipewa pakiti nyingine. Asubuhi iliyofuata nilitumia maji niliyochemsha jana yake, yameshapoa kabisa. Mkono ulikwenda wenyewe kuwasha jiko, nikalizima. Nikazunguka jikoni na kikombe, kukaa siwezi, kukitua siwezi, mwishowe nikampelekea.

Akakichungulia. "Mbona leo hakitoi mvuke? Umesahau kuchemsha."

Mwezi mzima hakuwa amegundua chochote. Na hapo alikuwa hajaonja hata tone la hao walio hai, kwa hiyo nafuu hiyo sikujua nimshukuru nani. Nilitaka kulia.

"Sijasahau," nikasema. "Kunywa hivyo hivyo."

Alinitazama usoni, akanywa mpaka mwisho, kwa kuwa nimempa mimi. Nikamsogezea karatasi na penseli, nikaanza kuhesabu sekunde kwa sauti. Nilipofika kumi nikakwama, sikumbuki inayofuata.